Uliza kwanza akaunti ni ya nani

Ukitafuta watu wa kukutangazia biashara mtandaoni hapa Kampala, hutawakosa. Kila kampuni ina ukurasa wenye picha za kung'aa, wafuasi kwa maelfu, na grafu inayopanda kama njia ya kwenda Kololo. Wafuasi wananunuliwa. Grafu inachorwa. Ofisi ya Ntinda yenye kiyoyozi hukodishwa kwa mwezi. Kwa hiyo usianzie huko. Anza na swali moja, tena kabla hamjagusa bei: siku tukiachana, mimi nitabaki na nini mkononi?

Wanaojua kazi yao watakujibu bila kumung'unya maneno. Kila akaunti itafunguliwa kwa jina lako, wao wataomba ruhusa ya kuingia, na siku ukitaka utaiondoa ruhusa hiyo mwenyewe. Wengine wataanza kuzunguka: tuna akaunti yetu kubwa, ya siku nyingi, matangazo yake hupita upesi, wewe tuma hela tu. Hapo umekwisha kujibiwa.

Swali hili lina uzito kwa sababu akaunti ya matangazo hujifunza. Nani alibofya, nani aliandika ujumbe, nani alinunua: yote hayo hubaki ndani yake na ndani ya pikseli, kile kipande cha msimbo kinachowekwa kwenye tovuti kufuatilia wanaoingia. Baada ya miezi kumi, kumbukumbu hiyo ina thamani kuliko posti zote mlizowahi kuweka. Ikiwa imekaa kwenye akaunti ya kampuni, wewe utaondoka na skrinishoti, na wao wataweza kuitumia kumtangazia jirani yako anayeuza bidhaa zile zile.

Funguo zenyewe

Domeini, yaani jina la anwani ya tovuti yako, ndiyo inayosahaulika kuliko zote, labda kwa kuwa ni ya bei ndogo. Kampuni hukutengenezea tovuti na kukusajilia jina la .co.ug au .com kwa barua pepe yake. Mwaka ukiisha, tangazo la kulipia upya linakwenda kwao. Wakiwa wamefunga duka, au mmegombana, jina linakufa na anwani zote za barua pepe zilizo chini yake zinakufa nalo, zile zile unazopokelea ankara na oda. Sajili mwenyewe, kwa barua pepe unayoifungua wewe, ulipe mwenyewe. Wakihitaji kuelekeza jina kwenye seva yao, wakupe namba na mistari ya kuweka. Ni kazi ya dakika kumi.

Kwa upande wa Meta, wenye Facebook, Instagram na WhatsApp, fungua akaunti ya biashara, ile iliyojulikana zamani kama Business Manager, ukitumia wasifu wako. Ingiza humo ukurasa wa Facebook na akaunti ya Instagram, kisha tengeneza akaunti ya matangazo ukiwa humo humo. Sarafu uichague kwa makini, maana kuibadilisha baadaye ni kufunga akaunti na kufungua nyingine. Ukimaliza, iombe kampuni namba ya utambulisho ya akaunti yao ya biashara, uwaongeze kama washirika. Meta itakuuliza unawapa kazi gani. Wape kuendesha kampeni na kuona ripoti. Mambo ya malipo na udhibiti kamili baki nayo. Weka pia admini wa pili kutoka kwenye biashara yako, mtu unayemwamini, na nyote wawili muwashe uthibitisho wa hatua mbili. Wasifu wako ukifungiwa ghafla na wewe ndiye admini peke yako, biashara nzima imefungiwa nje pamoja nawe.

Kosa ambalo halirekebishiki ni hili: akaunti ya matangazo iliyozaliwa ndani ya akaunti ya biashara ya kampuni haihamishwi kuja kwako. Ukurasa unaweza kuachiliwa wakikubali. Akaunti ya matangazo hapana. Utaanza upya, kama mgeni.

Google Ads, mfumo wa matangazo wa Google, ni rahisi zaidi. Akaunti yako ina namba ya tarakimu 10. Unawapa namba hiyo, wao wanatuma ombi kutoka kwenye akaunti yao ya meneja, wewe unakubali. Mkiachana unakata kiungo, na historia yote inabaki kwako. Anayekuomba nenosiri la barua pepe yako ili "aweke mambo sawa" hajui kazi, au anaijua vizuri mno.

Kuna pia duka lako kwenye ramani ya Google, ambalo ni bure. Wapo wanaolitoza kila mwaka kana kwamba ni leseni ya KCCA, mamlaka ya jiji. Hakikisha wewe ndiye mmiliki na kampuni ni meneja tu. Ukikuta mtu mwingine amekwisha kulidai, Google ina fomu ya kuomba umiliki, na aliyelishika hupewa siku 3 kujibu. Na namba ya WhatsApp inayowekwa kwenye tangazo iwe laini yako, iliyosajiliwa kwa kitambulisho chako cha taifa. Kampuni inayoweka namba yake na kukupelekea wateja mmoja mmoja imekugeuza wewe kuwa mteja wake wa jumla na rejareja.

Mambo ya hapa kwetu

Facebook ilifungwa Uganda Januari 2021, siku chache kabla ya uchaguzi, na miaka ikapita watu wakiingia kwa VPN, programu ya kukwepa kizuizi. WhatsApp na Instagram zilirudi. Kwa mtangazaji hili si jambo dogo, na ni kipimo kizuri cha ujuzi. Anayeingia kwa VPN simu yake hutumia anwani ya nchi nyingine. Meta hukisia mahali alipo mtu kwa dalili kadhaa, na anwani hiyo ni mojawapo, hivyo tangazo lililowekwa liwafikie walio Uganda tu linaweza kumruka mtu aliyeketi Wandegeya. Waulize wanalishughulikiaje, na uombe ripoti ioneshe hela ngapi zilikwenda Facebook na ngapi Instagram. Anayekuuzia kifurushi cha "posti 20 za Facebook kwa mwezi" bila kuigusa VPN hata kwa neno moja, amenakili bei za Nairobi.

Bando nalo lina ushuru wa asilimia 12 tangu Julai 2021, ulipoingia badala ya ile shilingi 200 ya kila siku. Watu wanahesabu megabaiti. Tovuti inayofunguka kwa video kubwa na picha kumi ambazo hazijapunguzwa itakimbiwa kabla haijamaliza kufunguka, na utakuwa umelipia mbofyo bure. Ipime kwa PageSpeed Insights ya Google, haina malipo, ukichagua matokeo ya simu. Pima na tovuti ya kampuni yenyewe. Ikiwa yao inaburuta miguu, yako wataifanyaje?

Halafu kuna lugha, ambayo wengi huipita haraka. Mteja wa Masaka ataandika Kiganda, wa Bunia au Goma anayenunua mzigo Kikuubo, soko la jumla la hapa Kampala, ataandika Kiswahili, wa ofisini ataandika Kiingereza. Nani anajibu hizo jumbe, saa ngapi, kwa lugha gani? Kampeni nzuri inaweza kufa kwa sababu jumbe zilizoingia jioni zilijibiwa kesho yake saa nne. Kazi hiyo igawanywe kwa maandishi kabla tangazo la kwanza halijawashwa.

Hela inavyopotea

Tuseme una duka la betri za magari karibu na soko la Kisekka na umetenga shilingi 1,500,000 kwa mwezi: 500,000 ada ya kampuni, 1,000,000 matangazo. Mwisho wa mwezi inakuja ripoti ya kurasa nane, rangi nzuri. Watu 180,000 wameona. Laiki 2,400. Pembeni kuna uso wa katuni unaocheka.

Ruka hayo yote, tafuta mazungumzo yaliyoanzishwa WhatsApp. Yako 125, maana yake kila moja limekugharimu 8,000. Fungua simu ya duka uhesabu mwenyewe: katika hao 125, waliouliza bei ya betri unayoiuza na wanaoweza kufika dukani ni 40. Walionunua ni 10. Gawa 1,500,000, pamoja na ada, kwa 10: kila mteja amekugharimu 150,000. Kama faida ya betri moja ni 60,000 na mnunuzi harudi hadi mwaka kesho kutwa, unawalipa watu wachukue betri zako. Kampuni inayoaminika itaileta hesabu hii yenyewe, hata ikiwa chungu, na kusema tubadilishe nini. Namba hizi ni za mfano, lakini mpangilio wa hesabu ndio huo huo uwe unauza betri au keki. Ili iwezekane, weka dukani daftari lenye safu moja ya ziada: ulitujuaje? Ripoti isiyo na daftari upande wa pili ni hadithi ya mtu mmoja.

Ukigundua matokeo ni mabaya, chungulia jinsi hela ilivyokatwa vipande. Mfumo wa Meta huhitaji kama matokeo 50 ndani ya siku 7 kwa kila seti ya matangazo (kundi lenye bajeti na walengwa wake) ili umalize kujifunza. Ukichukua ile 1,000,000 ukaigawa katika seti kumi, kila seti inapata 100,000 kwa mwezi, kama 23,000 kwa wiki. Kwa bei ya 8,000 kwa ujumbe, hizo ni jumbe tatu. Tatu, pale panapotakiwa 50. Seti zote kumi zitabaki zikipapasa gizani mwezi mzima. Hela yote ikikaa seti moja unapata kama jumbe 29 kwa wiki. Bado haijafika, lakini mfumo una kitu cha kushika. Seti nyingi kwa bajeti ndogo hupendeza kwenye ripoti tu, maana zinaonesha watu wamefanya kazi.

Google ina mitego yake. Kampeni mpya ya utafutaji huja ikiwa imewekwa ioneshwe kwa walio mahali ulipochagua na pia kwa "wanaovutiwa" na mahali hapo. Ukiiacha hivyo, mtu wa London aliyetafuta habari za Kampala anaweza kukulia mbofyo. Ibadilishwe iwe kwa waliopo tu. Huja pia ikiwa imeunganishwa na matangazo ya picha kwenye tovuti nyingine. Biashara ndogo iitenganishe. Usishtuke ukiona bajeti ya 20,000 kwa siku imetumia 40,000 Jumatatu: Google inaruhusiwa kufika mara mbili kwa siku moja, ila kwa mwezi haivuki bajeti ya siku mara 30.4, yaani 608,000. Mtu wa kampuni akishindwa kukueleza hilo ukimuuliza, hajakaa na mfumo huo muda mrefu.

Wizi wa wazi ni mwepesi kuliko unavyodhani. Unatuma milioni kwa Mobile Money "ya kupakia matangazo", wanapakia laki sita. Skrinishoti haithibitishi kitu. Hutengenezwa kwa simu. Akaunti ikiwa yako, kadi ikiwa yako, sehemu ya malipo inaonesha kila makato na namba yake, na hakuna wa kukuzungusha. Ndiyo maana swali la mwanzo linakuja kabla ya bei. Malipo ya kampuni yawe kando kabisa na hela ya matangazo. Wengine hutoza asilimia ya matumizi, jambo ambalo si dhambi, ila jua kwamba kipato chao kinapanda kila wakikushauri uongeze bajeti. Kwa biashara ndogo napendelea ada isiyobadilika. Uliza mapema kama bei waliyotaja ina VAT: asilimia 18 juu ya 500,000 ni 90,000, na kodi hiyo inaweza kuongezwa pia kwenye matangazo yenyewe.

Anayekuahidi kuwa wa kwanza kwenye Google ndani ya wiki mbili, mwache aende. Google wenyewe wameandika kwamba hakuna anayeweza kuhakikisha nafasi ya kwanza, na kwamba kazi ya kuboresha tovuti huchukua miezi minne hadi mwaka kuanza kuzaa. Ujanja wa kawaida ni kukufikisha juu kwa maneno ambayo hakuna anayeyatafuta, kama jina la duka lako lenyewe pamoja na mtaa wake. Mwingine ni kununua tangazo likae juu na kukuambia ndiyo hiyo nafasi. Ulio hatari ni kununua viungo kutoka tovuti za takataka. Google inaweza kukushusha, na kujisafisha huchukua miezi. Kabla ya kusaini, wape ruhusa ya kutazama tu kwenye Search Console, chombo cha Google kinachoonesha tovuti yako inavyoonekana kwenye utafutaji, wakuletee tathmini. Hawahitaji zaidi ya hapo.

Kuwachunguza

Karatasi ni haraka. Tafuta jina lao URSB, ofisi ya usajili wa biashara, mtandaoni au pale Kololo kwenye kituo cha huduma za biashara, uone kama lipo na limesajiliwa kama kampuni au jina la biashara la mtu mmoja. Omba TIN, namba ya mlipakodi. Kama wako kwenye EFRIS, mfumo wa ankara za kielektroniki wa URA, mamlaka ya mapato, ankara yao itakuwa na namba ya hati na msimbo wa QR. Uskani uone unafunguka kwa URA. Msambazaji anayepaswa kutumia EFRIS akikupa risiti ya kuandika kwa mkono, URA inaweza kukukatalia gharama hiyo.

Kisha nenda kwenye rejista ya ofisi ya ulinzi wa data binafsi, PDPO. Chini ya sheria ya mwaka 2019, anayekusanya au kuchakata data za watu anatakiwa kujisajili huko, nawe pia uko ndani. Kampuni ikikuomba orodha ya namba za wateja wako iipakie Meta kutafuta watu wanaofanana nao, jiulize kama wateja hao waliridhia. Adhabu kwa kampuni inaweza kufika asilimia 2 ya mauzo ya mwaka, na namba zilizotoka kwako hazina njia ya kurudi.

Kazi zao zitazame kwa macho yako, si kwa faili waliyokutumia. Google ina kituo cha uwazi wa matangazo, na Meta ina maktaba yake ya matangazo. Ukiandika jina la mteja waliyejisifia, utaona kama ana tangazo linalotembea leo. Meta huonesha yanayoendelea tu kwa biashara za kwetu, hivyo ukikosa siku moja rudi wiki nyingine. Nembo ya Google Partner inamaanisha akaunti wanazosimamia zimetumia angalau dola 10,000 ndani ya siku 90, alama yao ya uboreshaji imefika asilimia 70, na nusu ya wataalamu wao wana vyeti. Haisemi chochote kuhusu uaminifu. Itafute kwenye orodha ya Google yenyewe, kwa sababu picha ya nembo hunakiliwa na yeyote.

Omba pia simu ya mteja aliyeondoka. Waliopo watakusifia tu. Aliyeondoka muulize kitu kimoja: ilichukua siku ngapi kurudishiwa ruhusa zako?

Kuna swali dogo la kitaalamu ninalolipenda: kwenye Google Analytics, kipimo cha wanaotembelea tovuti, mnaweka data ikae miezi mingapi? Inapofunguliwa huja na miezi 2, na inaweza kuongezwa hadi 14. Asiyeongeza hataweza kukulinganishia Desemba hii na ya mwaka jana kwa undani. Anayejua atajibu kabla hujamaliza kuuliza.

Mkataba wa kwanza uwe wa siku 90, wenye notisi ya siku 30 kwa pande zote. Uandikwe kwamba akaunti ni zako, picha na video pamoja na mafaili yake ya asili ni zako, na ruhusa zote zinaondolewa ndani ya siku 7 baada ya kuachana. Mkishindwana kwa deni lisilozidi milioni 10, kuna utaratibu wa madai madogo kwa hakimu wa daraja la kwanza, huendi na wakili.

Siku ya kuachana, fuata mpangilio. Zima kampeni. Pakua ripoti. Ondoa kampuni kwenye washirika wa Meta, kata kiungo cha Google Ads, futa majina yao Analytics, Search Console na kwenye ramani. Tazama orodha ya maadmini wa tovuti, wengi husahau hapo. Badilisha manenosiri, kagua kama barua pepe yako imewekwa itume nakala mahali pengine. Kadi iache na salio kidogo: Meta hukata deni lililobaki tarehe ya bili, hata kampeni ikiwa imezimwa wiki mbili zilizopita.